Ishirini ya Shina

Kofia za chuma zilifika Alhamisi kabla ya adhuhuri, ishirini na nne kamili, zimepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Ya kwanza kuvishwa nguzo ilizama ikalala upande, kama kofia ya kuazima. Fundi aliyekuwa juu ya ngazi aliitikisa kwa kidole kimoja, nayo ikagonga mti, ko, ko, ko.

"Mzee Chirau," akaita, "hii umemshonea nani?"

Wenzake wakaangua kicheko. Chirau hakucheka. Alipanda ngazi mwenyewe, na magoti yake yaliyokwisha kuchoshwa na mapaa ya watu, akapenyeza mkono kati ya chuma na mti. Vidole vitatu vikapita bila taabu.

Hasina, binti yake, alikuwa amesimama pale pale chini na mkoba wa kompyuta begani. Ofisi yao ya Ukunda ilikuwa imemtuma kuja kuhakikisha kwamba kofia zinalingana na mchoro. Mchoro wenyewe alikuwa ameuchora yeye. Kofia zililingana nao, hata nukta haikupotea. Kilichokataa ni mti.

Kenga, msimamizi wa mjengo, alikuja na futikamba mkononi na karatasi kwapani. Alikuwa mtu wa haraka, na haraka yake aliipenda zaidi palipokuwa na watazamaji. Akapanda, akapima kichwa cha nguzo, akashuka, akaikunjua karatasi juu ya mfuko wa saruji.

"Hapa pameandikwa ishirini," akasema. "Pale juu pana kumi na nne. Hizo sentimita sita zimeingia mfuko gani, mzee?"

"Pima chini," Chirau akasema.

"Chini kofia atavaa nani?"

Kicheko cha pili kilikuwa kirefu kuliko cha kwanza. Mafundi kumi na mmoja walikuwa pale, sita kati yao wamefundishwa kazi na Chirau huyo huyo, na waliocheka ni wote. Miaka thelathini na mmoja alikuwa ameezeka mapaa ya makuti kuanzia Diani hadi Chale, kila mara kwa jina la mtu mwingine aliyejua kuzungumza na wenye hoteli. Ukumbi huu wa kulia chakula, katika hoteli moja ya Galu, ndio uliokuwa wa kwanza kuandikwa jina lake: Chirau aleta nguzo za mvinje, Chirau asimamisha, Chirau aezeka. Karatasi ya mkataba mkewe alikuwa ameitia kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka pamoja na msahafu.

Hasina alielewa kabla babake hajafika chini ya ngazi. Alielewa yote, mwanzo hadi mwisho. Kenga alipomgeukia na kumwuliza, "Madamu, mchoro si unasema ishirini?" alijibu neno moja tu.

"Ndiyo."

Lilikuwa neno la kweli, na hajapata kulionea haya neno lingine maishani mwake kama hilo.

*

Ofisini Ukunda hapakuwa na mtu. Injinia Eunice, mwenye ofisi, alikuwa Msambweni kwenye mjengo mwingine. Hasina aliketi, akafungua programu ya kuchorea majengo, na ukumbi ukajitokeza kwenye kioo, msafi, umesimama hewani bila mchanga wala mafundi wa kucheka.

Katika programu ile nguzo haichorwi nzima. Unachora uso wake tu, ule ambao ungeuona kama ungekata mti kwa msumeno, unaupa jina, na programu inauvuta uso huo kutoka sakafuni hadi kileleni, unene ule ule, kama tambi zinavyotoka kwenye tundu la mashine. Eunice huuita profaili. Ukigusa profaili moja, kila nguzo iliyobeba jina hilo inabadilika papo hapo, hata ziwe mia. Ndio uzuri wa kitu hicho, na ndio ubaya wake.

Hasina alibonyeza nguzo ya kwanza. Jina: Mvinje 20. Uso: duara. Upana: sentimita ishirini.

Aliikumbuka asubuhi aliyoipata namba hiyo. Alikuwa anavaa viatu, babake anakunywa chai barazani. "Baba, zile nguzo za ukumbi zina unene gani?" "Ishirini," babake akasema, akaendelea na chai yake. Hakuna mtu kijijini kwao Kinondo angeuliza ishirini ya wapi. Miti ya kujengea hupimwa shinani, hununuliwa kwa shina, huuzwa kwa shina, na aliyezaliwa nyumba ya fundi anajua hivyo kabla hajajua kusoma. Hasina alijua. Utotoni alikuwa akishikilia futikamba kwenye mashina hayo huku babake akihesabu. Lakini alipofika mbele ya kioo aliandika ishirini, na programu ikampa mti wa ajabu, mti usio na shina wala ncha. Wiki nyingi akautazama kila siku na asione kasoro. Injinia akautumia kupiga hesabu za paa, akagonga muhuri. Fundi wa chuma akautumia kutengeneza kofia.

Miezi yake sita ya majaribio ilikuwa imebakiza wiki tatu. Alifunga kompyuta na kukaa akiutazama ukuta.

*

Kwenye lango la mafundi jioni ile, askari alikipekua kikapu cha Chirau. Askari huyo jina lake Rai, jirani yao wa Kinondo, ambaye kila Ijumaa huswali safu moja na Chirau. Alipekua macho yakiwa chini.

"Ni amri, mzee. Nisamehe."

"Fanya kazi yako," Chirau akasema.

Mafundi walipita pembeni mmoja mmoja, wao hawakupekuliwa.

Habari ilimfikia Mwanaima, mke wa Chirau, kabla mumewe hajafika nyumbani. Alikuwa ameisikia dukani alikokwenda kununua chumvi. Lisemwalo lipo, mwenye duka alikuwa amesema, tena akimrudishia chenji yake kwa heshima zote. Mwanaima aliiacha chumvi juu ya meza ya duka, akarudi mikono mitupu. Hasina alipoingia alimkuta akimenya mihogo kwa hasira, maganda yakiruka hadi mlangoni.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, baba."

"Marahaba," wakajibu wote wawili.

"Wanasema babako ameleta miti myembamba akala pesa," Mwanaima akasema. "Babako! Na mimi nimevaa leso moja tangu mfungo wa mwaka jana. Hizo pesa kazipeleka kwa nani?"

"Mwanaima," Chirau akasema.

"Niache niseme. Kwani huyo Kenga haujui mti? Mti una shina na una ncha. Mtoto mdogo anajua!"

Hasina aliketi kwenye kibao cha mbuzi, cha kukunia nazi, kilichokuwa karibu.

"Kenga hana kosa, mama. Karatasi ndiyo inayosema ishirini juu hadi chini. Na karatasi nimeiandika mimi."

Kisu cha Mwanaima kikasimama ndani ya muhogo. Chirau hakushtuka. Alikuwa akivuta mwiba mdogo wa mti kutoka kiganjani, akaendelea kuuvuta.

"Nimejua tangu pale kwenye ngazi," akasema. "Kesho baada ya swala ya Ijumaa wameniita kikao. Nitawaambia mwenye shamba la mivinje alinipunja, na mimi sikupima. Watanikemea, nitatoka, yataisha. Mvuliwa nguo huchutama."

"Aliyekuvua ni mimi, baba."

"Ndiyo maana nanyamaza." Aliutoa ule mwiba, akautazama, akautupa uani. "Mimi nina miaka sitini na mbili. Jina langu wakilichafua, nitaezeka vibanda vya kuku huko Vanga, nitakula. Wewe ndio kwanza unaanza. Nani atakuajiri tena wakijua? Sikukulea uje unilipie mimi."

"Na paa je?"

Chirau akakifuta kiganja chake gotini.

"Injinia amepiga hesabu kwa mti usiokuwepo duniani," Hasina akasema. "Watagongomea vipande vya mbao kwenye zile kofia zikaze, wataezeka juu yake, na watu watakaa chini wale. Kusi ikivuma sawasawa?"

"Nitaongeza nguzo kimyakimya."

"Watakufukuza, baba. Utaziongeza ukiwa wapi?"

Mwanaima alirudi kwenye mihogo yake, polepole sasa. Hakumtazama mume wala binti. Muhogo wa mwisho aliumenya mpaka ukabaki mwembamba kama kidole.

*

Ijumaa asubuhi Hasina alimwambia Eunice kila kitu, wamesimama kati ya meza mbili za ofisi, hata mikoba hawajaitua. Eunice alikuwa mwanamke wa bara aliyefungua ofisi hiyo kwa nguvu zake, baada ya miaka ya kuwachorea wanaume waliotia sahihi kazi yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta kiti, akaketi kwa uzito.

"Na mimi nikastamp bila kuuliza," akasema. "Imagine. Nguzo ya mti, na mimi nimeichukua kama bomba."

"Tutawaambia leo?"

"Wewe tulia kwanza. Niache mimi niongee. Hii kitu inaweza kufunga ofisi, unaelewa? Muhuri ndio unga wangu."

Hasina alisema anaelewa. Alielewa kweli, na hilo ndilo lililomchosha.

Kikao kilifanyika saa tisa, ndani ya ukumbi wenyewe, ukiwa bado nguzo tu na anga. Meza ilikuwa ubao uliowekwa juu ya mifuko ya saruji. Viti vilikuwa vinne: cha Bwana Abdulwahab, meneja wa hoteli, cha Kenga, cha Eunice, na cha Hasina. Chirau, aliyetoka msikitini na kanzu yake ya Ijumaa, alisimama. Hasina akainuka ampe kiti. Babake akamtazama jicho moja tu, naye Hasina akaketi tena.

Abdulwahab alikuwa mstaarabu, tena wa ule ustaarabu unaoumiza zaidi ya matusi.

"Mzee Chirau, sisi tunakuheshimu sana," akaanza. "Babu zetu walikuwa majirani. Kwa hiyo sitaki mambo ya polisi. Utuletee nguzo nyingine ishirini na nne, zenye ishirini kweli, kwa gharama yako. Ukishindwa, tuachane kwa salama, na kazi apewe mwingine. Injinia, nimekosea?"

Eunice alikohoa. "Mchoro ulisema ishirini. Zilizoletwa ni kumi na nne kule juu. Mimi siwezi kutia sahihi zikiwa hivyo."

Kila neno lilikuwa kweli. Hasina aliyahesabu maneno hayo moja moja, akaona ni ndugu wa ile "ndiyo" yake ya jana.

"Mzee, una la kusema?"

"Sina," Chirau akasema. "Nimesikia."

Akaanza kuvaa kofia yake ya kitambaa, kama mtu aliyemaliza.

Hasina alifungua kompyuta. Akabonyeza pasipo mara mbili.

"Naomba ruhusa, Bwana Abdulwahab."

"Hasina, baadaye," Eunice akasema, sauti ya chini.

"Nguzo hizi ni ishirini. Kenga, kwa hisani yako, pima shina."

Kenga alitaka kucheka, akamtazama meneja, meneja hakucheka. Akapiga magoti mchangani, akaupima upana wa shina kwa futikamba. Akapima nguzo ya pili, na ya tatu.

"Ishirini," akasema. "Hii ishirini na nusu."

"Alileta alichoambiwa alete," Hasina akasema. Sauti ilikuwa imempanda, hakuitambua. "Mti hupimwa shinani. Mchoro ndio wenye kosa. Tazameni."

Aliigeuza kompyuta. Akaifungua ile profaili mbele yao. Duara la ishirini akaliacha chini. Juu akaweka duara la pili, la kumi na nne, akaiambia programu iunganishe kutoka moja hadi jingine. Nguzo ishirini na nne zilikonda vichwa kwa mpigo mmoja, zikawa miti. Kisha programu ikazisoma hesabu upya, na boriti za paa zikaanza kuwaka nyekundu, moja, mbili, upande mzima wa baharini.

Hata Kenga, ambaye hakujua kusoma kioo kile, alijua nyekundu ni nini.

"Nani aliyeandika ishirini mpaka juu?" Abdulwahab akauliza.

"Mimi."

"Uliambiwa na nani?"

Hasina akakiinamia kioo.

"Na mimi," Chirau akasema. "Aliniuliza unene, nikamwambia ishirini. Sikusema ya shina."

"Baba hakuwa na haja ya kusema," Hasina akasema. "Mimi ni mtoto wake. Nimeshika mashina ya miti tangu sijaota meno ya pili. Nilipoketi mbele ya mashine hii nikasahau mti unavyoota. Na jana Kenga alimwita mwizi mbele ya watu, nami nikaulizwa, nikajibu kama mgeni."

Alikuwa analia, na aliona aibu kulia, na hakuacha. Abdulwahab alimgeukia Eunice.

"Na muhuri, injinia?"

"Niligonga mimi," Eunice akasema. Ilimchukua muda, lakini aliisema.

Meneja akainamisha kichwa, akayasugua macho. Siku ya kufungua ukumbi ilikuwa imekwisha kutangazwa. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka tu, "Sasa tufanyeje?"

Chirau aliokota vijiti viwili mchangani. Akaviweka pamoja, upande mnene wa kimoja ukiwa na upande mwembamba wa kingine, akavibana kwa vidole.

"Boriti ndefu sisi huzifunga mbili mbili," akasema. "Moja shina huku, moja shina kule. Kila mahali zinakuwa na unene mmoja. Nguzo nazo tunaweza kuzifunga hivyo. Nilimwambia Kenga mwezi uliopita, akasema mchoro hauna."

Kenga alikuwa akikunja futikamba yake kwa makini makubwa.

Hasina akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akarudi kwenye profaili. Badala ya duara moja akaweka mawili yaliyogusana, moja likipungua kwenda juu, jingine likipungua kwenda chini. Nyekundu ikapungua, ikabaki kwenye pembe. Eunice akasogeza kiti bila kujijua, akainama hadi kwenye kioo.

"Hebu zungusha," akasema. "Pembe bado. Lakini hii inaweza kukaa. Nitaipigia hesabu upya mwenyewe, yote."

"Mletee mzee kiti," Abdulwahab akamwambia Kenga.

Kenga akainuka, akasogeza kiti chake. Chirau akamshukuru, akabaki amesimama.

*

Nje, karibu na gari, Eunice alisimama na funguo mkononi.

"Nilikuambia uniache niongee."

"Nilikuacha, injinia."

Eunice akatazama pembeni, kwenye rundo la makuti yaliyokuwa yakingoja paa. "Wanataka barua ya kukiri kosa. Na barua lazima iwe na jina la mtu. Mimi nikiandika langu peke yake, hakuna ofisi tena."

"Andika langu. Ni kweli."

"Si kweli yote."

"Inatosha."

Eunice alifungua mlango, akaufunga tena. Kisha akanyoosha mkono. Hasina akautoa mkoba begani, wenye kompyuta, waya, na kadi ya kuingilia langoni, akampa. Profaili alikuwa ameihifadhi na kuipa jina jipya, ili atakayekuja asiulize ishirini ya wapi.

"Jumatatu usije mpaka nikupigie," Eunice akasema.

"Haya."

Wote wawili walijua simu hiyo haitapigwa. Lakini Eunice alikaa ndani ya gari muda mrefu kabla ya kuliwasha.

Hasina alitoka kwa lango kubwa, akazunguka, akamngoja babake nje ya lango la mafundi. Saa kumi na moja na nusu walianza kutoka, wamebeba viatu vyao vya kazi. Wengine walimsalimu. Wengine walikuwa na haraka ya ghafla. Chirau alitoka wa mwisho, kanzu ameikunja ndani ya kikapu, amevaa nguo zake za kazi. Baada ya kikao alikuwa amerudi kufanya kazi.

"Pita tu, mzee," Rai akasema. "Nimeambiwa basi. Yameisha."

Chirau akasimama. Akakitua kikapu juu ya meza ya askari, akakifungua.

"Tazama."

"Mzee wangu, nimeambiwa—"

"Jana ulitazama mbele za watu. Watu wenyewe ndio hawa. Tazama."

Mafundi waliokuwa mbele wakageuka. Rai akakivuta kikapu. Akainama, akaingiza mkono, akatoa kitu kimoja kimoja na kukiweka mezani: kanzu, kisu, bunda la kamba, futikamba, kopo la chai lililokwisha chai.

"Kuna kingine?"

"Hakuna."

"Sema wasikie."

"Hakuna kitu, mzee," Rai akasema kwa sauti, na sauti yake ikakatika katikati.

Chirau akarudisha vitu vyake, bila haraka, kanzu akaiweka juu isichafuke. Alipotoka nje alimtazama binti yake begani, mahali ambapo mkoba ulikuwa ukining'inia kila siku tangu mwaka uanze.

"Umeurudisha?"

"Nimeurudisha, baba."

Hasina alingoja akemewe. Alikuwa amejitayarisha kwa hilo tangu asubuhi. Babake alifungua mdomo, akaufunga, na uso wake ukafanya kitu ambacho Hasina hakuwahi kukiona, akageukia upande wa barabara mpaka kikapita.

"Tupitie dukani," akasema. "Mamako aliacha chumvi yake."

Kikapu kilikuwa na mikono miwili. Akaushika mmoja, akamnyooshea Hasina wa pili. Hakikuwa kizito, mtu mmoja angekibeba hadi Kinondo bila kubadilisha mkono. Walikishika wote wawili, wakashika njia.